Mwanamke na hati ya ardhi ya kijiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, hasa mwanamke anayelima au kuishi kwenye ardhi ya kijiji. Sheria ilimpa haki sawa tangu 1999. Lakini wanaopoteza mashamba wengi wao hawapotezei mahakamani. Wanayapoteza mapema zaidi: siku fomu ilipojazwa, siku shamba lilipouzwa, au kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu inahusu karatasi.

Mwanamke anaweza kumiliki ardhi ya kijiji kwa jina lake mwenyewe?

Anaweza. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999 na zilizoanza kutumika Mei 1, 2001, zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza au kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yale yale. Ile ya vijiji inakwenda mbali zaidi: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu ardhi ni batili. Huhitaji kuwa umeolewa. Huhitaji barua ya kaka wala mtoto wa kiume wa kukusimamia. Halmashauri ya Kijiji ikipokea ombi la mwanamke inatakiwa ilishughulikie kwa vigezo inavyotumia kwa mwanamume.

Hata kabla ya sheria hizo, mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza ilikuwa imeshaamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alidai mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inapingana na Katiba, na mauzo yakabaki halali.

Hatimiliki ya kimila ni kitu gani, na ina nguvu kama hati ya mjini?

Ni cheti kinachotolewa na Halmashauri ya Kijiji kikithibitisha kwamba kipande fulani cha ardhi ya kijiji ni chako. Kisheria haki hiyo ina hadhi sawa na ile ya hati ya mjini, na kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Hutengenezwa nakala tatu: moja yako, moja masjala ya ardhi ya kijiji, moja wilayani.

Ukikosa hati haimaanishi huna haki. Ardhi uliyogawiwa na kijiji, uliyorithi au uliyoifyeka na kuilima miaka mingi inatambuliwa. Tofauti ni kwamba mwenye hati anaonyesha karatasi, asiye nayo anatafuta mashahidi, na mashahidi wazuri ni wazee, ambao hawaishi milele.

Hatua za kupata hati ni zipi?

Kwanza ulizia kijiji chenyewe kiko tayari. Kinahitaji Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na masjala, yaani chumba chenye kabati la kufunga kwa ufunguo. Kijiji kisicho na hivi hakiwezi kukupa hati hata ukienda kila siku kwa Mtendaji. Hapo kazi ni kusimama kwenye Mkutano Mkuu na kudai mpango wa matumizi uanze.

Kijiji kikiwa tayari, mambo huenda hivi. Unajaza fomu ya maombi kwa Mtendaji wa Kijiji. Wahakiki wanakuja shambani na kutembea mipaka yote pamoja nawe na majirani wa kila upande, wanachukua vipimo, na majirani wanasaini. Majina na ramani hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Halmashauri ya Kijiji inakaa na kuamua, na sheria inaipa siku 90 tangu kupokea ombi lililokamilika. Hati ikichapwa, inasainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji, wewe unasaini au kuweka dole gumba, kisha ofisa ardhi wa wilaya anaiwekea muhuri na kuisajili.

Siku muhimu kuliko zote ni ya kutembea mipaka. Usimwachie mume, shemeji wala kijana wa nyumbani. Anayesimama shambani siku ile ndiye anayeandikwa, na kubadilisha jina baadaye ni kazi kubwa kuliko kuliandika mara ya kwanza. Kama una mtoto mchanga, nenda naye. Kama una mgonjwa, omba siku nyingine na uhakikishe ombi lako limeandikwa.

Fomu ina sehemu ya umiliki wa pamoja na umiliki wa hisa. Tuchague ipi?

Umiliki wa pamoja ni wa wanandoa. Mmoja akifariki, ardhi inabaki kwa aliye hai na haiingii kwenye mirathi. Mume hawezi kuuza peke yake, na mke vilevile.

Umiliki wa hisa ni kila mtu kuwa na fungu lake linalojulikana, kwa mfano nusu kwa nusu. Mmoja akifariki, fungu lake linakwenda kwa warithi wake.

Kwa mke na mume wenye watoto wao tu, umiliki wa pamoja humlinda mjane vizuri zaidi. Kwa aliyeolewa na mwanamume mwenye watoto wa ndoa nyingine, au mwenye watoto wake wa awali anaotaka wapate chao, hisa hupunguza ugomvi. Chochote mtakachochagua, hakikisha sehemu hiyo haikuachwa wazi. Ukiacha wazi, mwandishi hujaza anachofikiri.

Makosa gani hutokea zaidi kwenye fomu?

Kosa baya kuliko yote: mke anasaini kwenye mstari wa shahidi badala ya mstari wa mmiliki. Anatoka pale akiamini ameandikwa kwenye hati, kumbe ameshuhudia tu umiliki wa mumewe. Kabla ya kuweka dole gumba muulize anayekuandikia, kwa sauti na mbele za watu: "Hapa nasaini kama nani?" Akijibu "shahidi", acha kwanza.

La pili ni jina. Kijijini unaitwa Mama Neema, kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo na la baba, na kadi ya kupigia kura ina jina la mume. Tumia jina la kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, kwa sababu ndilo benki na mahakama zitakaloangalia. Kuna pia picha: umiliki wa watu wawili unahitaji picha za wote wawili, na picha ya mume peke yake ni dalili kwamba hati itatoka na jina moja.

Kosa jingine halionekani haraka. Kipande chako cha mboga bondeni, au kile ulichopewa na mama yako, kinaunganishwa na shamba la mume kwa kuwa vinapakana. Taka kipimwe peke yake na kipewe namba yake.

Mume hataki jina langu liingie. Nifanyeje?

Hapa sheria ina kitu ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Ardhi inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya wanandoa wote ni ya wote na wasajiliwe wote, *isipokuwa* hati yenyewe iseme wazi kwamba ni ya mmoja tu. Tena, hata ikiwa kwa jina la mume peke yake, mke aliyechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wake anahesabiwa kuwa na maslahi ndani yake. Kwa hiyo toa pingamizi wakati majina yamebandikwa. Andika barua fupi kwa Halmashauri ya Kijiji: jina lako, kitongoji, shamba lilipo, majirani wa pande nne, mwaka mlipolipata na kazi uliyofanya. Peleka nakala mbili; moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Kabla ya barua, jaribu kuzungumza. Hoja inayowaingia wanaume wengi si ya haki sawa. Ni ya ndugu: "Ukitangulia, unataka shamba libaki kwa watoto wako au lirudi kwa kaka zako?"

Tuko wake wawili. Hati iandikwe vipi?

Kila mke anayelima kipande chake aandikishe kipande hicho, kwa jina lake au yeye na mume. Hati moja yenye mume na wake wote kwa shamba zima inawezekana kwa umiliki wa hisa, lakini ni mbegu ya kesi. Shamba lililopatikana kabla mke wa pili hajaja lisichanganywe na la baadaye, na mwaka wa kulipata uandikwe.

Tumeishi miaka sita bila kufunga ndoa. Nina haki?

Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Mahakama inaweza kukugawia mali mliyochuma. Ila ni dhana inayoweza kuvunjwa, kwa mfano ikionekana mmoja wenu alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu mke wa pili. Anayeishi hivi ndiye anayepaswa kuharakisha jina lake kwenye hati kuliko mtu mwingine yeyote.

Mume anataka kuuza shamba, au ameshauza bila kuniambia.

Nyumba ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa, na mwenza anaweza kuweka zuio. Uuzaji wa ardhi ya kijiji hupita Halmashauri ya Kijiji, nayo inaruhusiwa kuukataa ukiwa utamnyima mwanamke haki yake ya kukaa kwenye ardhi.

Ukisikia fununu tu, usisubiri. Peleka pingamizi la maandishi kwa Mtendaji siku hiyohiyo, na umjulishe mnunuzi mbele ya shahidi. Sababu yake ni hii: mnunuzi anawajibika kuulizia kama mke ameridhia, na akishaambiwa hawezi tena kusema hakujua. Kama mauzo yameshafanyika bila ridhaa yako, unaweza kuomba yabatilishwe. Usipokee hata shilingi ya mauzo hayo "ya watoto", kwani itasomwa kama umekubali.

Jihadhari na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa kitongoji peke yake. Iko mingi, na inaleta kesi nyingi.

Hati inaweza kuwekwa rehani?

Inaweza, na kwa ardhi ya wanandoa mkopeshaji lazima apate ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Soma kiasi na muda kabla ya kusaini. Ridhaa ya milioni mbili isigeuke ya milioni kumi. Wale wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mitaani wenye riba kubwa, wanaochukua hati na kuiweka kwenye droo hawajawa wamiliki kwa kuishika tu. Lakini mara nyingi wanakusainisha na karatasi ya mauzo iliyoachwa bila tarehe. Hiyo ndiyo ya kuogopa.

Tunaachana. Sikuwa na kipato, nililea watoto na kulima. Napata nini?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Huo ndio msimamo hadi leo. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwani fedha ambazo mumewe aliwahi kumpa zilihesabiwa. Kesi yake imewafaa wengine kuliko ilivyomfaa yeye.) Usitegemee nusu moja kwa moja: mahakama inapima mchango, madeni na mahitaji ya watoto. Andaa orodha ya kila mali, mwaka ilipopatikana na ulichofanya: kulima, kupika kwa ajili ya vibarua, kusomba maji ya kufyatulia tofali, kuuza mazao.

Njia ni hii: kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, likishindwa linatoa fomu ya kuthibitisha, kisha mahakama. Mgawanyo wa mali unafuata baada ya amri ya talaka au kutengana. Usipeleke jambo hili kwenye mabaraza ya ardhi. Utapoteza miezi na mwisho utaambiwa umekosea mlango.

Mume amefariki na ndugu wanataka shamba.

Hapa kuna mambo matatu ya kutenganisha.

La kwanza, kipi ni cha marehemu. Fungu lako kwenye hati si mirathi. Tuchukue mfano wa familia ya Kiislamu: ekari 8, mume anaacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, wazazi wake wametangulia na hakuna madeni. Kama ekari zote zinahesabiwa za mume, mke anapata moja ya nane, yaani ekari 1. Kama hati ilikuwa ya hisa nusu kwa nusu, ekari 4 ni zake tayari. Kwenye 4 zilizobaki anapata nusu ekari, na 3.5 zinagawanywa kwa watoto, wa kiume 1.75 na kila wa kike 0.875. Mke anakuwa na ekari 4.5 badala ya 1. Dini haikubadilika wala mila. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye hati.

La pili, sheria ipi inatumika. Kwa Waafrika wanaofuata mila bado lipo tangazo la sheria za kimila la 1963, linaloweka watoto wa kike daraja la mwisho na kumnyima mjane urithi kama mume ameacha watoto. Wajane wawili walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba lina ubaguzi lakini haikulifuta, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua Tanzania ilikiuka haki zao. Kama marehemu hakuishi kimila, kwa mfano ndoa ya kanisani na maisha yasiyofuata taratibu za ukoo, unaweza kuomba mahakama itumie sheria nyingine. Leta ushahidi wa maisha yake, si maneno matupu. Wosia ulioandikwa ungeondoa sehemu kubwa ya mabishano haya.

La tatu, msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina; anayeteua ni mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo. Peleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Usisaini muhtasari ambao hujausomewa wote, na kama kikao kilifanyika bila wewe, weka pingamizi mahakamani kabla ya uteuzi. Hakuna kinachokuzuia wewe mjane kuwa msimamizi. Akiteuliwa shemeji, kumbuka kwamba msimamizi si mrithi: anakusanya, analipa madeni, anagawa, na ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Akipitiliza, andika barua mahakamani ukiomba aitwe. Asipotekeleza anaweza kuondolewa.

Na usihame. Mjane akienda "kupumzika kwao" baada ya arobaini, mara nyingi hurudi na kukuta shamba limelimwa na mwingine.

Mgogoro wa mpaka au kunyang'anywa shamba unaanzia wapi?

Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 lazima wawe wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 nalo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa cheti, na likimaliza siku 30 bila kusuluhisha unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti. Rufaa ya hapo ni Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12; kwa hiyo "nitamwachia Mungu kwanza" kuna siku kunamalizika muda.

Ukitaja sheria kwenye barua, taja jina lake na jambo lenyewe. Namba za vifungu hubadilika sheria zinapochapwa upya.

Sina fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na kata nyingi wanao. Muulize ofisa maendeleo ya jamii. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) huwasaidia wanawake bure kwenye mirathi, ndoa na ardhi. Kesi siku hizi husikilizwa kwa Kiswahili, hivyo kujisimamia mwenyewe kwenye Baraza la Wilaya si jambo la ajabu.

Kikundi cha akina mama kinaweza kupata ardhi ya kijiji?

Kinaweza kuomba kama kikundi. Andikeni katiba inayosema mwanachama akitoka au akifa fungu lake linakuwaje, la sivyo ardhi itaishia kwa mwenyekiti.

Na Zanzibar au Kenya?

Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na mirathi ya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Kenya nako kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayohesabu malezi ya watoto na kazi za nyumbani na shambani kama mchango. Ila Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali.

Hati yangu imepotea, au mume ameificha.

Usihangaike na yeye. Nenda masjala ya kijiji ukaombe kuona daftari na nakala yao. Kama kijiji hakina, iko wilayani. Kama imepotea kweli, chukua taarifa ya upotevu polisi na uombe nyingine kwa maandishi. Ukifika masjala, soma majina yaliyoandikwa kwenye nakala yao na ulinganishe na kitambulisho chako papo hapo, kabla hujaondoka.